Mahindi Ghalani Yanapumua

Safari hii tunataka tujifunze jambo ambalo watoto wetu hufundishwa shuleni katika sayansi, lakini mara nyingi haliwafikii wazazi wao ambao ndio wenye ghala. Jambo lenyewe ni hili: kitu chenye uhai hupataje nguvu kutoka kwa chakula? Usiseme hilo ni la darasani tu. Ukilielewa vizuri, utajua kwa nini gunia la mahindi hupata joto, kuvu hutoka wapi, na kwa nini jamaa fulani huvuna vizuri na bado njaa ikawafikia mapema.

Tunapotembelea vikundi baada ya mavuno, swali moja halikosi. Mama mmoja atainua mkono aseme: "Mimi niliweka mahindi yangu vizuri. Paa halivuji. Mbona nikitia mkono ndani ya gunia naona joto, tena kuna maji maji? Hayo maji yametoka wapi?"

Swali hilo ni zuri sana, na jibu lake ni fupi. Maji yametoka ndani ya mahindi yenyewe. Mahindi yako hai, na kitu kilicho hai hupumua. Hebu tulifuate jibu hili polepole, hatua kwa hatua. Kikundi kinaweza kuligawa somo katika vikao viwili.

1. PUNJE YA MAHINDI SI JIWE

Chukua punje moja ya mahindi uipasue katikati kwa kisu. Utaona sehemu mbili. Sehemu kubwa, nyeupe au ya njano, ni wanga. Hicho ni chakula kilichowekwa akiba. Ile sehemu ndogo iliyo upande wa chini, laini na yenye mafuta kidogo, ni kiini. Hicho ni mtoto wa mhindi aliyelala, akingoja mvua na udongo. Wanga ule ni masurufu aliyopewa na mama yake ya kumtosha mpaka atoe majani na aanze kujitafutia.

Mtoto aliyelala si maiti. Huyu amelala tu, na hata akiwa usingizini anatumia nguvu kidogo ili asife. Nguvu hiyo huipata kwa kula ule wanga. Kwa hiyo, tangu siku ulipovuna mpaka siku utakapopanda au kusaga, punje zako zote zinakula pole pole kutoka kwa akiba yao wenyewe.

2. NGUVU HUTOKAJE KWA CHAKULA?

Mwili wa kila kitu hai, awe mtu, ng'ombe, mdudu, mhindi au hata kuvu, umejengwa kwa vyumba vidogo sana ambavyo macho matupu hayawezi kuviona. Vyumba hivyo huitwa seli. Kila seli ina jiko lake. Katika jiko hilo sukari hutumika kama kuni, na hewa ya oksijeni hufanya kazi ile ile inayofanya katika moto wa kuni. Wanga lazima kwanza uvunjwe uwe sukari ndipo utumike.

Hesabu ya jiko hilo tunaweza kuiandika hivi:

Sukari + oksijeni = nguvu + maji + hewa chafu ya kaboni dayoksaidi

Wataalamu huita kazi hii kupumua kwa seli. Tusichanganye mambo hapa. Kuvuta na kutoa pumzi kwa mapafu ni kuleta oksijeni na kuondoa hewa chafu, kama vile kufungua dirisha la jikoni. Kupumua kwa seli ndiko kupika kwenyewe. Punje ya mahindi haina mapafu, lakini hewa hupenya ndani yake na kazi ya seli huendelea.

Moto wa kuni huwaka wote mara moja. Seli ingefanya hivyo ingeungua. Kwa hiyo hiyo sukari huvunjwa kidogo kidogo. Kwanza hukatwa vipande viwili ndani ya majimaji ya seli, na hatua hii haihitaji oksijeni. Kisha vipande hivyo huingizwa katika vyumba vidogo zaidi vilivyo ndani ya seli, viitwavyo mitokondria, na huko ndiko oksijeni hutumika na sehemu kubwa ya nguvu hutolewa.

Nguvu inayopatikana hutiwa katika vifurushi vidogo vidogo viitwavyo ATP. Mfano wake ni huu. Ukiingia kwenye matatu na noti ya shilingi 1,000, makanga atakusumbua, maana nauli ni kidogo. Ni lazima noti ivunjwe ipatikane chenji. Sukari ni ile noti kubwa, na ATP ndiyo chenji ambayo kila kazi ya seli inaweza kulipwa. Oksijeni ikiwepo, kipande kimoja cha sukari hutoa ATP kama 30 hivi. Oksijeni ikikosekana, seli hubaki na ile hatua ya kwanza tu, nayo hutoa 2 peke yake. Unaona tofauti?

Njia hiyo ya bila oksijeni mnaifahamu, ingawa pengine hamkuijua kwa jina. Ndiyo inayochachusha uji na kuumua unga wa mkate. Hata misuli ya mtu anayekimbia mbio hutumia njia hiyo kwa muda mfupi hewa inapomwishia.

Sasa shikeni neno hili, maana ndilo litakaloturudisha ghalani. Nguvu iliyo ndani ya sukari haigeuki yote kuwa ATP. Zaidi ya nusu hutoka kama joto. Ndiyo sababu mwili wa mtu aliye hai una joto hata wakati wa baridi. Na ndiyo sababu gunia la mahindi mabichi lina joto.

3. HESABU YA KILO MOJA

Tuseme ndani ya ghala lako kilo moja ya sukari ya mahindi imeliwa na kupumua. Nini hutokea?

Kwanza, ile kilo ya chakula imepotea. Hutaiona imemwagika chini wala hutaona panya aliyeiiba. Imekwenda na hewa.

Pili, katika kupumua huko kunatokea maji gramu 600 hivi, yaani zaidi ya nusu lita. Hayo ndiyo yale maji ambayo mama yule alikuwa anauliza. Hayakuvuja kwenye paa. Yametengenezwa ndani ya gunia.

Tatu, hutoka joto. Kama lingekusanywa lote bila kupotea, joto la kilo moja ya sukari lingeweza kuchemsha maji ya baridi madebe mawili. Bila shaka ghalani halitoki siku moja, hutoka polepole. Lakini gunia lililobanwa katikati ya magunia mengine halina mahali pa kutolea joto, kwa hiyo linajikusanya.

4. UNYEVU NDIO UNAOMWAMSHA ALIYELALA

Mtauliza, kama mahindi yote yanapumua, mbona mengine hukaa mwaka mzima bila shida? Tofauti ni unyevu.

Katika punje kavu, maji yaliyobaki yameshikwa na wanga hata seli haziwezi kuyatumia. Yule mtoto analala usingizi mzito, na kupumua kwake ni kidogo sana. Punje ikiwa na maji mengi, huamka nusu. Kazi ya seli huanza kwa haraka. Joto nalo huongeza mwendo: joto likipanda nyuzi 10, kupumua huongezeka kama mara mbili, mpaka lifikie kiasi cha kuiua mbegu yenyewe.

Hapo ndipo mzunguko mbaya huanza. Unyevu huleta kupumua. Kupumua huleta joto na maji zaidi. Joto na maji hayo huleta kupumua zaidi. Hewa yenye joto hupanda juu na mvuke wake, ikifika sehemu ya juu iliyo baridi inageuka matone. Ndiyo maana mara nyingi utakuta mahindi ya juu yameshikana na kuota kuvu, na wewe unadhani paa linavuja.

Kipimo kinachokubalika kwa kuhifadhi mahindi hapa Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yanapotoka shambani mara nyingi huwa na asilimia 20 au zaidi. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 18 za maji ndani yake! Ukilikausha mpaka asilimia 13.5, litabaki na uzito wa kilo 83 hivi. Wengine hulalamika, "Nikikausha napoteza kilo saba." Hapana. Kilo saba hizo ni maji, si chakula. Usipokausha ndipo utapoteza chakula chenyewe.

5. WAGENI WAWILI WABAYA

Mahindi yakianza kutoa joto na maji, wageni wawili hualikwa. Nao pia ni vitu hai, wanapumua, na kila mmoja huongeza joto na unyevu wake.

Mgeni wa kwanza ni mdudu: fukusi, na yule dumuzi mkubwa aliyeonekana mara ya kwanza hapa Kenya upande wa Taveta mwaka 1983. Mgeni wa pili ni kuvu. Baadhi ya kuvu, hasa aina iitwayo Aspergilasi, hutoa sumu inayoitwa aflatoksini.

Sumu hii si jambo la mchezo. Mwaka 1981 watu 12 walikufa katika sehemu za Machakos kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kisha mwaka 2004 ikaja balaa kubwa zaidi. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Wachunguzi walipouliza nyumba kwa nyumba, walikuta kwamba waliougua walikuwa zaidi katika nyumba zilizoweka mahindi yakiwa bado na unyevu, na zilizoyaweka ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghala. Tunajua kwa nini watu huyaweka ndani: wanaogopa wezi, na njaa inawafanya wavune mapema. Lakini hatari ndiyo hiyo.

Zingatieni mambo haya:

- Aflatoksini haina rangi wala harufu. Mahindi yanaweza kuonekana mazuri na yakawa nayo.
- Kupika hakuimalizi. Ugali uliopikwa sana bado una sumu. Kupikia pombe si dawa.
- Usimpe ng'ombe wala kuku mahindi yenye kuvu. Ng'ombe akiila, sumu hupita kwenye maziwa ambayo mtoto atakunywa.
- Kuvu huweza kuanzia shambani, hasa mimea ikipigwa na ukame. Kwa hiyo chagua na utoe mahindi yaliyooza au yaliyotobolewa kabla ya kupukuchua.
- Mtu akiwa na macho ya njano, tumbo au miguu imevimba, na anatapika, mpelekeni hospitali mara moja, na mweleze daktari chakula alichokula.

6. TUFANYE NINI?

Kazi yetu ghalani ni moja tu: kumfanya yule mtoto aendelee kulala, na kuwanyima wageni maji na hewa.

Kausha haraka. Vuna yakiwa yamekomaa, anika juu ya turubai au kichanja, usimwage kwenye udongo. Udongo una kuvu na unatoa unyevu. Geuza mara kwa mara, na ufunike kabla umande haujaanguka jioni.

Pima kabla ya kuhifadhi. Kuuma kwa meno husaidia, maana punje kavu hupasuka kwa sauti, lakini meno peke yake hayatoshi. Tumieni chumvi. Chukua chupa safi ya kioo, kavu kabisa. Tia chumvi kavu iliyoanikwa juani, kama konzi moja, kisha mahindi mpaka nusu ya chupa. Funga, tikisa dakika chache, halafu uiache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha juani. Isiposhika, uko chini ya 15, lakini bado hujafika 13.5 kwa uhakika. Anika siku moja au mbili zaidi. Kikundi kikiweza kuchanga na kununua mashine moja ya kupima unyevu, ni bora zaidi, maana itahudumia wanachama wote.

Weka palipo na hewa. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Acha nafasi mtu apite. Kila wiki mbili choma chuma safi chembamba katikati ya gunia, kiache robo saa, kitoe ukishike. Kikiwa na joto kuliko hewa ya ghala, fungua gunia hilo siku hiyo hiyo.

Au mnyime mdudu hewa kabisa. Hii ndiyo kazi ya tangi la bati lililofungwa vizuri na mifuko ya tabaka tatu, yenye nailoni mbili ndani na gunia nje. Ndani yake mahindi na wadudu huendelea kupumua mpaka oksijeni iishe karibu yote. Mdudu wa ghalani hanywi maji. Maji yake mengi huyapata kutokana na kupumua kwake mwenyewe, kama tulivyoona katika hesabu ya kilo moja. Oksijeni ikikatwa, anakosa nguvu na anakosa maji, basi anaacha kula na kufa kwa kukauka. Bila dawa yoyote! Ila msisahau: mfuko ukitoboka, au ukifunguliwa kila siku kutoa gorogoro moja, hewa huingia na kazi yote huharibika. Tena usifungie humo mahindi mabichi. Yatachacha na kuoza.

Jambo la mwisho kuhusu dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi. Dawa hiyo huua mdudu tu. Haizuii mahindi mabichi kupumua, wala haizuii kuvu. Hakuna dawa inayochukua mahali pa jua.

7. JARIBIO LA KIKUNDI

Tusiamini maneno tu. Tafuteni chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana na vifuniko vinavyobana. Loweka mahindi usiku mmoja, mwaga maji, yafunge katika kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka yaanze kuota. Tia haya katika chupa ya kwanza mpaka nusu. Katika ya pili tia mahindi makavu kiasi kile kile. Funga zote mpaka kesho yake.

Kesho mtu mzima afungue kila chupa polepole na ashushe ndani kijiti kirefu kinachowaka. Katika chupa ya mahindi makavu kijiti kitaendelea kuwaka. Katika ile ya yanayoota kitazimika. Oksijeni imeliwa, na mahali pake pana kaboni dayoksaidi. Mkiwa na chupa mbili za chai zisizotumika, jazeni moja mahindi yanayoota na nyingine makavu, zibeni kwa pamba, na kesho yake mtie vidole. Moja mtaikuta na joto. Hilo ndilo joto la gunia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Maji tunayoyaona ndani ya gunia ambalo halikunyeshewa hutoka wapi? Mwanachama mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe.
2. Kwa nini mfuko usiopitisha hewa huua mdudu, lakini huharibu mahindi mabichi?
3. Katika kijiji chetu, ni nani huvuna mapema kwa sababu ya njaa au wizi? Kikundi kinaweza kumsaidiaje kukausha?
4. Tukichanga kwa mzunguko, tununue kwanza nini: maturubai, mifuko, tangi au mashine ya kupima unyevu? Tutawekaje zamu ya kutumia?
5. Mwanachama akikuta mahindi yake yana kuvu, tutamshauri nini ili asiyauze wala asiyale? Afisa wa kilimo au wa afya tutamwita vipi?

Swali la tatu na la tano msiyapite haraka. Mtu mwenye njaa hatatupa mahindi yake kwa sababu tumemwambia ni sumu, kama hakuna jirani wa kumpa mengine. Hapo ndipo kikundi kinapojulikana kama ni kikundi. Katibu aandike mliyokubaliana, na mwekahazina aseme kilichopo kwenye sanduku. Tunawatakia kikao chema na ghala kavu.